PAZIA, WAVU NA CHANDARUA: KILA KIMOJA NA USAFI WAKE



Sikukuu ikikaribia, kitu cha kwanza kuteremshwa katika nyumba nyingi ni mapazia. Mama huyafungua kwenye waya, watoto huchota maji, na kufikia jioni ua wote umejaa vitambaa vinavyopepea. Siku hiyo hiyo, mara nyingi, chandarua nacho hutolewa kitandani kikatiwa katika beseni lile lile, kwa sabuni ile ile, kisha kikaanikwa kwenye jua lile lile. Nyumba inang'aa, na wageni wakija watasifu. Lakini kitu kimoja kati ya hivyo kimeharibiwa siku hiyo, na hakuna aliyejua. Kitu hicho ni chandarua.

Akina mama wengi katika vikundi vyetu ni hodari wa usafi, na hatutaki kuwafundisha kufua. Tunalotaka kueleza ni hili: vitu vinavyoning'inia dirishani na kitandani havifanyi kazi moja, kwa hiyo haviwezi kusafishwa kwa njia moja. Pazia hutusitiri na kupunguza jua. Wavu wa dirishani huingiza hewa na kumzuia mbu. Chandarua chenye dawa humzuia mbu na pia humuua. Kabla ya kuosha chochote kati ya hivi, jiulize kwanza: kazi yake ni nini? Usafi wowote unaoua kazi hiyo si usafi, ni hasara.

1. VUMBI LITOKE LIKIWA KAVU

Tuanze na kanuni inayofaa kila kitu. Nyumba zetu zina vumbi la njia, masizi ya kuni, na mahali pengine moshi wa koroboi. Masizi yana mafuta ndani yake. Ukiyagusa na maji kabla ya kuyakung'uta, yanageuka kuwa tope jeusi linaloingia katikati ya nyuzi, na hapo utasugua mpaka kitambaa kiraruke.

Kwa hiyo vumbi na masizi yatoke kwanza yakiwa makavu. Pazia likung'utiwe nje, upande ambao upepo unatoka kwako kwenda mbali. Jifunge leso puani. Kama nyumbani kuna mtoto mwenye pumu, asiwe karibu wakati huo, maana vumbi la pazia ni moja ya mambo yanayoweza kumwamshia ugonjwa. Baada ya kukung'uta ndipo maji yafuate.

2. MAPAZIA YA KITAMBAA

Mapazia ya sebuleni yanatosha kukung'utwa kila mwezi na kufuliwa mara moja kila miezi mitatu hivi. Ya jikoni, au ya nyumba ambayo jiko liko ndani, yanahitaji kufuliwa mara nyingi zaidi. Fuata hatua hizi:

(a) Ondoa ndoano, pini na vyuma vyote. Chuma kikibaki ndani ya maji kitaacha doa la kutu ambalo halitoki kwa urahisi.

(b) Jaribu rangi. Lowesha pembe moja ya pazia, kisha uibane kwa kitambaa cheupe. Cheupe kikipata rangi, pazia hilo lifuliwe peke yake.

(c) Loweka katika maji baridi bila sabuni kwa muda wa nusu saa hivi. Maji yatakuwa meusi. Yamwage, ndipo utie maji mapya na sabuni. Ukianza moja kwa moja na sabuni, nusu ya sabuni hiyo itapotea kwa vumbi ambalo maji matupu yangeliondoa.

(d) Pazia jepesi, hasa la nailoni, usilisokote kwa nguvu. Likamue kwa kulibana kwa viganja, kisha litundike likiwa bado linadondoka maji. Uzito wa maji utalinyoosha, nawe hutahitaji pasi.

(e) Pamba nyeupe ianikwe juani, kwa kuwa jua huing'arisha na kukausha ukungu. Pazia la rangi liwekwe kivulini, au ligeuzwe ndani nje, maana jua hula rangi.

Katika mikunjo ya juu ya pazia ndimo kunguni hupenda kujificha, hasa pazia linaloning'inia karibu na kitanda. Ukiwaona, usikung'ute ndani ya nyumba, kwani utawasambaza. Litie pazia ndani ya mfuko wa plastiki hapo hapo, ulifunge, ulipeleke nje, kisha ulitie katika maji ya moto sana ikiwa kitambaa chake kinastahimili. Kitambaa cha pamba kinastahimili. Cha nailoni kinaweza kujikunja.

Jambo la mwisho kuhusu pazia ni moto. Pazia lisifike karibu na jiko, mshumaa wala koroboi. Upepo mmoja tu wa jioni unatosha kulisukuma juu ya mwali. Nailoni ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi, na jeraha lake huwa baya kuliko la kitambaa cha pamba. Dirisha lililo karibu na meko lina heri likae bila pazia, au liwe na pazia fupi lililofungwa juu na chini lisiweze kupepea.

3. MAPAZIA YA VIBAMBA

Mtasema: haya si ya kijijini. Lakini siku hizi yako katika zahanati, katika ofisi, katika nyumba za wageni ambazo vikundi vingine husimamia, na watoto wetu walioko mjini wanayo katika nyumba za kupanga. Wengine hutuletea ya mitumba. Tena kuna wanakikundi wanaopata riziki kwa kusafisha mahali kama hapo. Basi ni vizuri kuyajua.

Pazia la namna hii ni vibamba vyembamba vya plastiki, alumini au mbao, vilivyopangwa kwa kamba na kufunguliwa au kufungwa kwa kuvigeuza. Vumbi hukaa juu ya kila kibamba kama juu ya rafu. Kulisafisha si kazi ngumu. Vigeuze vibamba vyote viangalie upande mmoja, vivae soksi kuukuu mkononi, upanguse kuanzia juu kushuka chini. Kisha uvigeuze upande wa pili na kurudia. Ukianza chini, vumbi la juu litaangukia ulipokwisha kusafisha, na kazi itakuwa mbili.

Mafuta ya jikoni yakiwa yameganda juu yake, chukua kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo na kukamuliwa, upanguse, halafu ufuatishe kitambaa chenye maji matupu, na cha mwisho kiwe kikavu. Vibamba vya mbao visiloweshwe. Vitavimba na kupinda. Vya alumini visisuguliwe kwa steelwool wala mchanga. Na kibamba chembamba kikishikwa kwa nguvu hukunjika, na alama ya mkunjo haitoki tena.

Kuna hatari mbili ambazo msafishaji na mzazi lazima wazijue.

Ya kwanza ni kamba. Kamba ndefu inayoning'inia dirishani inaweza kumnyonga mtoto mdogo bila sauti yoyote, kwa muda mfupi sana. Watoto wamekufa hivyo katika nchi ambako mapazia haya yameenea. Kila unapomaliza kusafisha, zungushia kamba kwenye msumari au kishikio kilicho juu, angalau mita moja na nusu kutoka sakafuni. Kitanda cha mtoto, kiti au meza visiwekwe chini ya dirisha lenye kamba.

Ya pili ni risasi, yaani ile madini ya sumu, si ya bunduki. Mwaka wa 1996 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia usalama wa bidhaa lilitangaza kwamba mapazia fulani ya vibamba vya plastiki yalikuwa yametengenezwa kwa kuchanganywa na madini hayo ili plastiki iwe imara. Jua na joto vilipoikula plastiki, vumbi lenye sumu lilitokea juu ya vibamba, na mtoto akigusa kisha akatia mkono mdomoni, anaimeza. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Wazazi wenye watoto wadogo walishauriwa kuyaondoa mapazia hayo, kwa sababu kuyaosha hakukusaidia: vumbi jipya lingetokea tena. Kwa hiyo ukiletewa mapazia ya plastiki ya zamani, yaliyokwisha kukauka na kutoa unga unaposhika, usiyatundike mahali penye watoto. Shukuru kwa zawadi, lakini uyaweke kando.

4. WAVU WA DIRISHANI

Sasa tufike kwenye jambo linalogusa afya ya kila nyumba. Mbu wanaoeneza malaria hapa kwetu huuma hasa usiku, na wengi huingia ndani kututafuta. Wavu mzuri wa dirishani una matundu madogo, yasiyozidi milimita moja na nusu. Hewa inapita, mbu hapiti.

Lakini wavu ukikaa mwaka mzima bila kusafishwa katika nyumba yenye moshi, masizi na vumbi huziba yale matundu. Hapo mambo hufuatana. Hewa inapungua. Chumba kinakuwa na joto, na moshi wa jioni hautoki. Watu wanashindwa kulala. Mmoja anaamka na kuachia mlango wazi apate hewa, au anaubandua wavu upande mmoja. Kumbe mbu walikuwa wanangojea hilo tu. Basi uchafu wa wavu unaweza kuleta malaria ingawa wavu hauna tundu hata moja.

Namna ya kuusafisha ni hii. Mara moja kwa mwezi, upige brashi laini ukiwa mkavu, kwanza upande wa ndani ili vumbi litoke nje, halafu upande wa nje. Brashi kuukuu ya nguo inafaa. Kila miezi mitatu, upanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kisha kwa maji matupu. Usisukume kwa nguvu, maana wavu ukilegea hutoka kwenye fremu. Usitumie steelwool. Inapanua matundu na kukwaruza rangi ya juu ya waya, na kutu huanzia hapo.

Wale walioko Pwani wanajua kwamba upepo wa bahari una chumvi na chuma hakidumu. Wavu wa waya huko uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, au utumike wavu wa nailoni ambao haushiki kutu.

Baada ya kusafisha, ukague. Mchana, ingia ndani, ufunge milango na mapazia, ukae gizani kidogo mpaka macho yazoee. Popote unapoona mwanga, mbu naye anapaona. Tundu dogo lishonewe kwa uzi wa nailoni au waya mwembamba. Tundu kubwa liwekewe kiraka kinachozidi tundu kwa sentimita 2 kila upande, kishonwe kuzunguka.

Ukiwa bado gizani, inua macho juu. Katika nyumba nyingi za vijijini kuna mwanya kati ya ukuta na paa, na huo ndio mlango mkuu wa mbu wa malaria. Mtu anaweza kugharimia wavu madirishani na kusahau huko juu, awe kama anayefunga zizi la mbele na kuacha la nyuma. Utafiti uliofanywa nchini Gambia, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka wa 2009, ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa mianya hiyo ya juu zilikuwa na mbu pungufu kwa zaidi ya nusu, na watoto wa humo waliopungukiwa damu walikuwa wachache kuliko wa nyumba za kawaida. Mwanya unaweza kuzibwa kwa udongo, au kwa wavu ili hewa iendelee kupita. Kama mnapikia ndani, tumieni wavu wala si udongo, moshi upate pa kutokea.

5. CHANDARUA: HAPA NDIPO TUNAPOKOSEA

Tumeacha chandarua mwisho kwa sababu ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote, na ndicho kinachoharibiwa kwa wema.

Utafiti mkubwa uliofanywa Kilifi, na kutangazwa mwaka wa 1996, ulionyesha kwamba mahali watu walipopewa vyandarua vilivyotiwa dawa, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33, na watoto waliolazwa hospitalini kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Siku hizo ilibidi chandarua kichovywe dawa upya kila baada ya miezi 6. Baadaye vikaja vyandarua ambavyo dawa yake inatiwa kiwandani, ndani ya nyuzi au kwa kugandishwa juu yake, na hutoka nje pole pole. Hivyo ndivyo Serikali imekuwa ikigawa katika kampeni zake katika sehemu zenye malaria nyingi, kama vile kando ya Ziwa Victoria, Magharibi na Pwani.

Dawa yenyewe ni ndugu wa pareto. Wakulima wa Molo, Nyandarua na Kisii wanalijua ua la pareto, ambalo Kenya ilisifika duniani kwa kulilima. Dawa ya asili ya pareto huua wadudu upesi, lakini jua huivunja upesi pia. Wataalamu walitengeneza dawa inayofanana nayo lakini yenye kustahimili zaidi. Hata hivyo haikupoteza udhaifu wote wa ndugu yake. Jua kali bado linaipunguza, na vitu vikali vya kufulia huivunja.

Mazungumzo kati ya mhudumu wa afya ya jamii na mama wa nyumba mara nyingi huwa hivi:

— Daktari, mimi chandarua changu nakifua kila Jumamosi. Siwezi kulalia uchafu.

— Hongera, mama, kwa kupenda usafi. Lakini hebu tuhesabu pamoja. Chandarua hiki kimetengenezwa kistahimili kufuliwa kama mara 20. Ukikifua kila wiki, mara 20 zitaisha lini?

— Wiki 20... ni kama miezi mitano, ama?

— Haswa, hata haifiki. Na ukikifua mara moja kwa mwezi?

— Miezi 20. Mwaka mmoja na miezi minane.

— Sasa ukikifua kila baada ya miezi mitatu, mara 20 ni miaka mitano. Hapo chandarua kitachakaa kwa umri wake kabla ya kumalizwa na beseni.

— Kumbe! Na mimi humwagia jiki kidogo kiwe cheupe.

— Hapo mama, unafua dawa yote siku moja. Kitabaki cheupe, lakini mbu atatua juu yake na kuondoka mzima.

Hiyo hesabu ndiyo siri yenyewe. Chandarua kifuliwe tu kinapochafuka, na isizidi mara moja kwa miezi mitatu. Kikiwa na vumbi tu, kikung'ute polepole nje, inatosha. Kikihitaji kufuliwa, fanya hivi:

(a) Tumia maji baridi, ndani ya beseni. Usikifulie mtoni, ziwani wala kando ya kisima.

(b) Tumia sabuni ya kipande isiyo kali. Usitumie sabuni ya unga, jiki, magadi wala maji ya majivu. Vyote hivyo vina ukali unaovunja dawa, hata kama bibi zetu walifulia majivu na nguo zikatakata.

(c) Kibonyeze kwa mikono polepole. Usikisugue kwenye jiwe, usikipige, usikisokote.

(d) Kianike kivulini, kwenye kamba. Kisiwekwe juu ya ua wa miiba au mkonge, kwa sababu kila mwiba ni tundu.

(e) Maji yake yamwagwe chooni, au katika shimo ardhini, mbali na kisima, mto, bwawa la samaki, mizinga ya nyuki na mahali kuku na mifugo wanapokunywa. Kwa binadamu dawa hiyo, kwa kiasi kilichoko kwenye chandarua, haina madhara makubwa. Lakini samaki huuawa na kiasi kidogo sana, na nyuki pia.

(f) Rudisha kitandani siku hiyo hiyo. Usiku mmoja bila chandarua unatosha kwa mbu.

Chandarua kipya, kikitolewa kwenye mfuko, kitundikwe kivulini kwa siku moja kabla ya kulaliwa. Bila hivyo, wengine huwashwa ngozini, wanasema chandarua ni kibaya, na kukifungia sandukuni. Mchana kifungwe juu ya kitanda, watoto wasikivute na panya wasikitoboe. Tundu likitokea lishonwe siku hiyo hiyo. Si lazima uzi ufanane. Mbu hajali rangi.

Na kile cha zamani je? Kama hujapata kipya, endelea kulala ndani ya hicho hicho, hata kikiwa na viraka. Ukishapata kipya, na cha zamani hakifai tena kitandani, kinaweza kukatwa na kutumika dirishani kama wavu au pazia, au kuzibia ule mwanya wa juu tuliotaja. Lakini kisivuliwe samaki, kisianikiwe omena, wala kisifunikie chakula. Kisichomwe ovyo, na kisitupwe majini.

6. KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI

Kazi hizi zikifanywa na mtu mmoja, huchosha na kusahaulika. Zikifanywa na kikundi, huwa nyepesi. Vikundi vyetu tayari vina mzunguko wa kuchangiana pesa. Mzunguko huo huo unaweza kuwa wa madirisha. Kila mnapokutana nyumbani kwa mwanachama, tengeni nusu saa mkague madirisha yake, mshone matundu ya wavu na ya chandarua, ndipo chai iletwe. Wakongwe wanaoishi peke yao na wagonjwa watangulie katika orodha, maana hawawezi kupanda kiti kuufikia mwanya wa juu.

Kununua wavu kwa pamoja kunapunguza gharama na upotevu. Huu hapa mfano wa hesabu. Kikundi kina nyumba 10, kila moja ina madirisha 3, na kila dirisha lina upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 90. Ongezeni sentimita 5 kila upande kwa ajili ya kukunja na kupigilia. Kila dirisha basi litahitaji kipande cha sentimita 70 kwa 100. Mkinunua wavu wenye upana wa mita moja, kila dirisha litachukua sentimita 70 za urefu wa roli. Madirisha ni 30. Mara sentimita 70, ni mita 21. Ulizeni bei katika maduka matatu ya vifaa vya ujenzi kabla ya kununua, na mweka hazina achukue risiti. Mapande yatakayobaki yawekwe kwa ajili ya viraka.

Pigilieni wavu kwa vipande vyembamba vya mbao juu yake, wala si msumari peke yake. Msumari peke yake hurarua wavu unapovutwa na upepo.

RATIBA FUPI YA KUBANDIKA UKUTANI

Kila siku: funga chandarua juu mchana, kishushe kabla ya giza kuingia. Kamba za mapazia ziwe juu.

Kila mwezi: kung'uta mapazia nje. Piga wavu brashi kavu. Kagua matundu.

Kila miezi mitatu: fua mapazia. Pangusa wavu kwa maji na sabuni. Fua chandarua ikiwa tu ni kichafu, katika beseni lake peke yake, kwa sabuni ya kipande, kivulini.

Kabla ya mvua za masika na za vuli: kagueni mianya ya juu ya kuta, kwa kuwa mvua zikija mbu huongezeka.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni nani hufua chandarua, mara ngapi, na kwa sabuni gani? Kila mmoja aseme kweli, bila kuchekwa.

2. Maji tunayofulia vyandarua tunayamwaga wapi? Yanaelekea kwenye mto au kisima gani?

3. Ni nyumba zipi kijijini zenye wavu madirishani lakini mwanya wa juu uko wazi? Tuanzie ipi?

4. Tukinunua wavu kwa pamoja, ni nani atapima madirisha, na tutamaliza lini?

Mkishajadiliana, mwandishi wa kikundi aandike mliyokubaliana na tarehe ya kuanza, ayasome katika mkutano unaofuata.